Redio inasema ng'oa, simu inasema kuna dawa: kikundi chetu kimsikilize nani?

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima huku Walungu, Kivu Kusini. Tuko watu 30, wengi ni wanawake, tunalima muhogo, maharagi na ndizi. Migomba yetu imeanza kunyauka. Redio ilisema tung'oe shina zima na watoto wake. Mtu wa shirika moja akapita, akasema tukate mti ulio mgonjwa tu. Kijana wa hapa akatuletea ujumbe wa WhatsApp unaosema kuna dawa ya unga inauzwa Bukavu. Agronomu wa serikali hatujamwona miaka mingi. Tuna redio sita na simu kubwa moja. Sasa shirika limetupa nafasi mbili za mafunzo ya siku tatu Bukavu, na wanaume wanasema tuende mwenyekiti na mimi kwa sababu tunajua Kifaransa. Tufanye nini ili tupate elimu ya kweli ya kilimo, na tumwamini nani?

JIBU: Mama, nianze na migomba, kwa sababu yenyewe haitatungoja.

Redio haikuwadanganya. Mtu wa shirika naye hakuwadanganya. Anayewadanganya ni mwenye unga. Mnyauko wa bakteria hauna dawa ya kunyunyizia, hauna dawa ya kumwaga shinani, hauna sindano. Kama mlishaanza kuchanga franka za kununua huo unga, kila mtu arudishiwe zake leo.

Sasa hao wawili wanaopingana. Ugonjwa huu ulionekana kwa mara ya kwanza hapa Kongo mwaka 2001, huko Masisi, Kivu Kaskazini. Ukatuteremkia kwa mapanga, kwa machipukizi ya kupanda ambayo jirani anampa jirani, na kwa wadudu wanaotembelea ua dume la mkungu. Wakati ule wakulima wa ukanda wote huu waliambiwa neno moja: ng'oa shina zima pamoja na watoto wake, kisha mahali pale pakae miezi sita bila mgomba. Kwa upande wa ugonjwa ushauri ulikuwa sahihi. Lakini kung'oa shina moja lililokomaa ni kazi ya kummaliza kijana mwenye nguvu, na mjane mwenye mashina arobaini angeifanya na nani? Kila shina linaloondoka ni chakula cha nyumba, ni kasiksi, pombe ya ndizi, ya kuuza, ni minervali, ada ya shule ya mtoto. Watu waliitikia kwenye mikutano, wakarudi nyumbani, wakaacha migomba isimame. Wakaitwa wabishi.

Watafiti walipoangalia upya walikuta kwamba bakteria haisambai mara moja kwenye shina zima. Mti mmoja unaweza kuugua na ndugu zake wa shina lile lile wakabaki wazima, wakazaa mkungu mzuri. Hapo ndipo lilipotoka pendekezo la kukata mti mgonjwa peke yake, na sehemu ya majaribio yake ilifanyika hapa hapa Kivu Kusini. Kwa hiyo redio iliwasomea ushauri wa zamani, mtu wa shirika akawaletea ule mpya, na hakuna aliyewaambia kwamba kuna wa zamani na mpya.

Ule mpya unafanyika hivi. Mti mgonjwa unakatwa usawa wa udongo, moyo wa kisiki unaharibiwa ili usichipue tena, na vipande vinalundikwa pale pale bila kubebwa kwenda kwingine. Panga linasafishwa baada ya kila mti: linapitishwa motoni mpaka lisishikike, au linachovywa kwenye maji ya javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo. Miti mingine ya shina lile isiguswe. Mzunguke shamba kila wiki, kwa sababu ugonjwa unakaa ndani ya mti kwa muda kabla ya kujionyesha. Anayekata mara moja na kusema nimemaliza hajamaliza. Mkungu ukishatoa chane ya mwisho, ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu. Mbuzi wafungwe. Na msichukue machipukizi ya kupanda kutoka shamba lenye ugonjwa, hata yakionekana mazuri namna gani. Mkikuta shina ambalo karibu miti yake yote imeugua, hilo ng'oeni.

Kabla ya hayo yote, mhakikishe ni mnyauko kweli. Kateni mti mmoja unaoushuku: ukitoa utomvu wa rangi ya manjano baada ya dakika chache, na ndizi zake zimeiva kabla ya wakati huku ndani zina madoa ya kahawia, ni wenyewe. Lakini mkiona majani mapya yanatoka mafupi, membamba, yamesimama wima na kusongamana kileleni, huo ni ugonjwa mwingine kabisa, wa virusi, unaobebwa na vidukari. Umezoeleka zaidi kule chini, bonde la Ruzizi. Virusi hivyo vinaingia shina zima, na hapo kukata mti mmoja ni kupoteza nguvu: shina lote lazima liondoke. Mtu wa Luvungi mwenye ugonjwa huo akisikiliza redio yenu ile ile iliyosema ng'oeni, atakuwa ameambiwa jambo sahihi.

Nimekaa sana kwenye ndizi kwa sababu jibu la swali lenu kubwa limo humo. Kikundi chenu hakikosi habari. Redio sita, shirika, WhatsApp, majirani: habari zinawamwagikia. Tatizo ni kwamba zinafika zikiwa uchi. Hazisemi ni ugonjwa gani, zilijaribiwa kwenye udongo gani, mwaka gani, na nani atarudi kuangalia kama zimefaa. Ushauri wowote utakaoingia kikundini, hata kutoka kwangu, muuvalishe hayo manne kabla hamjaufuata. Anayewapa ushauri asipoweza kujibu hata mawili kati ya hayo, mshukuruni, mwandikeni kwenye daftari, msifanye kitu bado.

Suala la udongo nalitilia mkazo, maana ndilo linalosahaulika zaidi na watu wa mjini. Kutoka Katana hadi Burhale si mbali kwa macho, lakini udongo wa upande wa Katana na Mulungu umetokana na volkano na bado una nguvu, wakati milima mingi ya Walungu ina udongo uliochoka, wenye tindikali, wenye fosfori kidogo. Mbolea ya dukani iliyozaa maharagi vizuri Katana inaweza kuwekwa Burhale kwa kipimo kile kile na mkulima asione tofauti yoyote, mpaka udongo upewe kwanza samadi au mboji kwa misimu kadhaa. Mkufunzi aliyefanya majaribio yake kando ya ziwa akija kwenu na kijitabu, si mwongo. Anasema ukweli wa kwao.

Mumwamini nani, basi? Nitataja sehemu, kisha niseme jinsi ya kuzitumia, kwa sababu kujua jina la kituo hakujamsaidia mkulima yeyote. Kuna INERA Mulungu, kituo cha utafiti cha serikali kilichorithi kazi ya INEAC ya enzi za Wabelgiji. Kuna IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, pale Kalambo, wanaojua sana muhogo na ndizi. Bukavu mjini kuna vitivo vya kilimo vya chuo kikuu cha UEA, kule Panzi, na vya Chuo Kikuu cha Kikatoliki, UCB. Kuna pia chuo cha kilimo na mifugo cha Mushweshwe. Kwa mbegu, SENASEM, idara ya mbegu ya serikali, ndiyo yenye kazi ya kuzikagua na kuzithibitisha. Fuko lisilo na karatasi yao ni nafaka ya kupika, hata muuzaji akiapa.

Serikali ina wakaguzi wa kilimo wa teritwari na monitere, yaani mabwana shamba, vijijini, na hao ndio mlipaswa kuwaona. Sitaandika kana kwamba hali ni ya kawaida. Hata kabla ya vita monitere wengi hawakuwa na pikipiki wala mshahara wa kueleweka, na tangu Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, ofisi na mabenki hayakubaki kama yalivyokuwa. Monitere wenu akiwepo, mwalikeni kwenye shamba lenu la majaribio. Akikuta kuna kitu cha kuona, atakuja mara nyingi kuliko akiitwa kwenye mkutano. Asipokuwepo, kazi iendelee.

Njia ambayo vikundi vingi havijaitumia ni wanafunzi. Kila mwaka vitivo vya kilimo vinatafuta mahali pa kuwapeleka vijana kwenye staji, mafunzo ya vitendo, na mahali pa kufanyia kazi zao za mwisho wa masomo. Kikundi kinaweza kuandika barua kwa mkuu wa kitivo: sisi tuko 30, tuna mashamba haya, tuna tatizo hili, tutampa mwanafunzi mahali pa kulala na chakula. Sharti lenu liwe moja, na mlishike: kabla hajaondoka awaeleze alichokiona, kwa Kiswahili au kwa Mashi, lugha yenu ya nyumbani, akiwa amesimama shambani. Msimpokee anayekuja na karatasi za ankete, za kuhoji watu, anawauliza mna watoto wangapi na mnakula mara ngapi, kisha anapanda pikipiki na hamumwoni tena. Walungu imeshajibu ankete za kutosha.

Jambo ambalo ningependa mlifanye kuliko yote mengine ni kuwa na kipande chenu cha kujaribia. Kisiwe kikubwa. Tuseme mmeletewa mbegu mpya ya maharagi kwa ajili ya saizoni A, msimu wa kwanza wa kupanda. Septemba mvua zikishika, pimeni vipande viwili vya mita 5 kwa 5, kimoja kando ya kingine, kwenye mteremko ule ule. Kimoja kipate mbegu yenu ya siku zote, kingine hiyo mpya. Vipandwe siku moja, kwa nafasi moja: sentimita 40 kati ya mistari na 20 kati ya mashimo, punje mbili kila shimo, kama ni maharagi mafupi. Palizi siku moja, samadi ile ile kwa kipimo kile kile. Tofauti iwe ni mbegu peke yake. Mkibadilisha mbegu na mbolea pamoja, mwisho hamtajua ni nani aliyezaa.

Kipande kimoja kinaweza kudanganya. Labda pale palikuwa zizi la ng'ombe zamani za babu, labda mvua iliosha udongo wa juu. Kwa hiyo fanyeni kwa watu watatu angalau: mmoja juu kilimani, mmoja katikati, mmoja karibu na bonde. Wakati wa kuvuna pimeni kwa mizani moja. Kama hakuna mizani, kwa ndoo moja, ya mtu mmoja, iliyosawazishwa kwa fimbo. Kisha mrudie saizoni B, Februari, kwa sababu mvua zake haziendi kama za Septemba. Baada ya hapo mtakuwa na neno ambalo si IITA wala mimi tunaweza kuwapa: mbegu hii, kwenye kilima chetu, imezaa hivi.

Na msipime kilo peke yake. Hapo wakufunzi wengi wanapotea, nami nasema hivyo nikiwa mmoja wao. Pikeni maharagi yote mawili kwa sufuria zinazofanana na muone yapi yanamaliza makala, yaani makaa. Muulize wanaouza sokoni Mugogo rangi gani inaondoka haraka. Kwa muhogo, angalieni majani kama yanafaa kwa sombe, na mizizi inakaa muda gani ardhini bila kuharibika, maana wengi wenu mnauchukua kidogo kidogo kadiri ya njaa ya nyumba. Aina ya Sawasawa ilipokelewa vizuri Kivu Kusini kwa sababu ilivumilia ugonjwa wa mozaiki; kuvumilia mozaiki, lakini, hakumaanishi kuvumilia michirizi ya kahawia, ambayo imeshathibitishwa mashariki ya Kongo. Ugonjwa huo ni wa hila: juu majani karibu ya kijani, chini mizizi imeoza, mikavu, ya kahawia. Anayechagua miti ya kupanda kwa kuangalia majani tu ataupanda mwenyewe shamba zima. Ng'oa, kata mzizi, angalia, ndipo uchukue miti ya mbegu.

Mkutano wa kikundi ufanyike pale kwenye vipande, si chini ya mti wa mwenyekiti. Hiyo ndiyo maana ya shamba darasa, ambalo mashirika ya hapa yanaliita kwa Kifaransa CEP. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilianza nalo Indonesia mwaka 1989 kwa wakulima wa mpunga waliokuwa wanamwaga sumu kupita kiasi. Watu 20 hadi 30, mara moja kwa wiki, kuanzia kupanda mpaka kuvuna. Kila mara wanaingia shambani kwa vikundi vidogo, wanaangalia mimea kadhaa kutoka mzizi hadi kilele, wanahesabu wadudu wabaya na wazuri, wanachora walichokiona kwenye karatasi kubwa, ndipo wanabishana wafanye nini wiki hiyo. Mchoro ni wa lazima, kwa sababu asiyejua kusoma anachora sawa na mwenye diploma, na mara nyingi anachora vizuri zaidi. Mkiona viwavijeshi vamizi kwenye mahindi, kwa mfano, ambavyo Afrika ilianza kuvijua mwaka 2016, mkutano wa kila wiki ndio utakaovikamata vikiwa vidogo, bado vinaweza kuokotwa na kupondwa kwa mkono asubuhi. Vikishaingia ndani kabisa ya moyo wa mhindi, hata dawa ya dukani haivifikii vizuri.

Sasa redio zenu sita. Watu 30, redio sita: watano kwa redio moja, ni kikundi cha kusikilizia tayari. Kivu Kusini haianzi leo na jambo hili. Redio Maendeleo inatangaza kutoka Bukavu tangu mwaka 1993. Mugogo kwenu kulianzishwa Bubusa FM, redio ya wanawake wa vijijini iliyotokana na shirika la SAMWAKI, na vilabu vya kusikiliza ambavyo FAO inaviita Dimitra vilipita mkoani hapa: wanawake wanasikiliza pamoja, wanajadili, wanarudisha swali redioni. Hicho cha mwisho ndicho chenye thamani, na ndicho kinachokufa kwanza, kwa sababu kusikiliza ni bure na kuuliza kunataka mtu mwenye kazi hiyo. Mteueni. Baada ya kila kipindi apeleke swali moja kwa redio, kwa ujumbe wa sauti: zao gani, kijiji gani, limepandwa mwezi gani, tumeona nini, tumeshajaribu nini. Swali moja lililokamilika hivyo linampa mtangazaji kipindi kizima, na watangazaji wana njaa ya vipindi. Muombe pia majibu yatolewe kwa Mashi. Kiswahili chetu kinafika mbali, lakini bibi mwenye miaka sabini ambaye ndiye anayehifadhi mbegu za nyumba anafikiri kwa Mashi. Na mtangazaji akiwapa ushauri bila kusema mtaalamu aliyeutoa ni nani na ni wa mwaka gani, mpelekeeni swali hilo nalo. Angalau jirani zenu hawatapata tena ushauri wa 2001 mkiwa mmekaa kimya.

Simu kubwa ni moja, na hapo kuna siasa ndogo ambayo mnaijua kuliko mimi: inalala kwa nani? Isilale kwa mwenyekiti. Ikae kwa mtu ambaye nyumba yake mama yeyote anaweza kuingia bila kuomba ruhusa. Kuna programu ya PlantVillage Nuru, inayozungumza Kiswahili. Unaelekeza kamera kwenye jani la muhogo nayo inakwambia kama inaona mozaiki, michirizi ya kahawia au utitiri. Ikishapakuliwa mjini mara moja inafanya kazi bila mega, yaani bila intaneti, na kwa kilima kisicho na mtandao hilo ni jambo kubwa. Inaona majani lakini. Mizizi mtaikata wenyewe. Kuna pia filamu fupi za Access Agriculture, wakulima wanaonyesha wakulima wenzao, na kadhaa zimetiwa sauti ya Kiswahili. Mtu anayeshuka Bukavu azipakue kwenye kadi memori, zirudi kijijini, ziangaliwe mara mbili: mara ya kwanza mfululizo, mara ya pili mkisimamisha na kubishana.

WhatsApp sitawaambia muiache, maana hamtaiacha. Ila mkipiga picha ya mmea kumuuliza mtaalamu, ziwe tatu: mmea mzima, jani kwa karibu, na mahali palipokatwa. Picha ya jani moja lililoshikwa mkononi haina maana, nami napokea nyingi za namna hiyo. Na ujumbe wowote unaotaja dawa na bei pamoja usisambazwe na mwanachama mpaka kikundi kimeujadili shambani. Mwenye unga alijua anachofanya: alipita kwa kijana mwenye simu, hakupita kwa wenye migomba.

Nakuja kwenye neno ambalo linakera. Mashirika yametuzoeza kwamba anayehudhuria mafunzo anapewa pesa ya usafiri, na sasa pesa hiyo ndiyo inayochagua nani aende. Simlaumu anayeipokea, siku tatu bila kulima ni siku tatu za njaa. Lakini matokeo yake tunayaona: watu wale wale, vyeti kumi ukutani, shamba lile lile. Kama mna AVEC, kikundi cha kuweka na kukopa, wekeni sehemu ndogo ya kila mgao kwenye kisanduku cha elimu: pikipiki ya kumleta fundi anayejua kupandikiza mibuni kutoka Kabare, mega za kupakua filamu, daftari. Kikundi kinacholipa hata nusu ya pikipiki kinamuuliza mkufunzi maswali magumu zaidi. Na saa zipangwe na wenye kazi. Mkutano wa saa tatu asubuhi katikati ya juma ni mkutano wa wanaume, hata ukiandikwa kuwa ni wa wote, kwa sababu saa hiyo wanawake wa Walungu wako shambani au njiani na mzigo.

Hizo nafasi mbili za Bukavu, basi. Mama, unisamehe, usiende wewe, wala mwenyekiti. Kujua Kifaransa kunamsaidia mkufunzi, hakuisaidii migomba. Nafasi ya kwanza apewe mwanamke ambaye kila siku mkono wake uko kwenye muhogo na ndizi, ambaye wengine wanamwendea kuomba mbegu, hata kama hajui kuandika jina lake. Nafasi ya pili apewe kijana wa kike au wa kiume anayeandika vizuri na hana haraka ya kuhamia mjini. Wa kwanza ataona, wa pili ataandika na kumtafsiria. Pigeni simu kwa shirika kabla ya siku ile muwaambie hivyo waziwazi, na muulize kama mafunzo yatakuwa na shamba au ni ya ukumbini peke yake. Ikiwa ni ya ukumbini, ombeni nusu siku Kalambo au Mulungu. Wakikataa majina yenu wakitaka viongozi, mtakuwa mmejua kitu kuhusu shirika hilo.

Wakirudi, wasisome ripoti. Ndani ya wiki moja wafanye kwa mikono yao, kwenye vipande vyenu, walichofundishwa, na kila mwanachama arudie mbele yao. Wawe wamemuuliza mkufunzi yale manne niliyotaja juu, na jibu la kila moja liwe kwenye daftari pamoja na namba yake ya simu, kwa sababu swali la kweli litazaliwa mwezi wa tatu, si siku ya tatu.

Na wakienda, wabebe ushahidi wa matatizo yenu. Mzizi wa muhogo uliooza wanaweza kuukata kipande, wakaufunga vizuri kwenye mfuko, wakaufungulia mkufunzi mezani. Kipande cha mgomba unaonyauka wasibebe hata kidogo, wala jani la kufungia chakula cha njiani kutoka shamba hilo. Huo piga picha, tatu.